Ijumaa Kumi na Sita za Bi Verna

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Verna Ostrowski anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwauliza watu wa Baltimore kama wameibiwa au wamepigwa. Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa akiwa ameketi.

Kazi yetu ni kukadiria ni watu wangapi hudhurika na uhalifu, wakiwemo wasiokwenda polisi. Nyumba zilizochaguliwa huhojiwa kila baada ya miezi sita, na kila anayejibu huwakilisha watu kama elfu mbili. Tatizo ni kwamba watu husogeza mambo ya zamani yakawa ya jana, na hapo Bi Verna hakuwa na mzaha. Mwenzetu Clement alipolalamika kwenye karamu ya kula kaa kwamba baiskeli yake imeibwa juzijuzi, Bi Verna alimbana: kabla ya Krismasi au baada? Ikabainika ni miaka miwili nyuma. Clement akarudi kwenye kaa wake.

Mwaka 1991 Bi Verna aligonga mlango mmoja mitaa ya mashariki, akamuuliza mama wa nyumba hiyo mumewe amempiga mara ngapi kwa miezi sita. "Dada, nani anahesabu? Kila Ijumaa akishalipwa." Kanuni ya wakati ule iliweka kando matukio yaliyofanana kiasi cha kutotenganishika. Basi Ijumaa zote ishirini na sita za miezi ile zikaingia kwenye kiwango cha uhalifu cha mwaka kama sifuri, na baiskeli ya jirani iliyoibwa ikaingia kama moja.

Hilo lilimkosesha raha. Akasoma takwimu masomo ya jioni, akahamia makao makuu, akaanza kusumbua vikao. Bwana Haldane, mkuu wetu wakati huo, alimwambia: "Verna, ukimwingiza huyo mwanamke mzimamzima, peke yake atapandisha kiwango cha jimbo zima."

"Na usipomwingiza," Bi Verna akajibu, "umeandika kwamba hapigwi."

Walibishana miaka kumi na mmoja. Hatimaye kanuni ikabadilishwa: idadi aliyotaja mhojiwa ihesabiwe, lakini isizidi kumi. Sisi tulikata keki. Yeye alizunguka chumba akiuliza zile Ijumaa nyingine, kati ya ishirini na sita za yule mama, zimekwenda wapi. Nakiri nilikereka, nilitaka afurahi, walau siku moja.

Jana alinikabidhi funguo za kabati lake. Ndani mlikuwa na faili moja tu, na juu yake ameandika kwa mkono: kumi na sita.

Asante, Bi Verna. Nenda ukapumzike, ukiweza, na kahawa uimalize umekaa. Hizo kumi na sita tumezipokea.