Mti wa Mpaka Hatuujui

Jina langu la ubatizo ni Hester Lathrop, ila tangu marehemu mume wangu aniachie duka hili la Corbin, huku kwenye milima ya kaskazini ya New York, naitwa Birika. Benchi liko nje ya mlango wangu, kahawa iko juu ya jiko langu, na wanaokalia benchi ni wale wale: Shoka, aliyekata miti miaka thelathini na kuacha vidole viwili huko huko msituni, shemeji yake Kasia, anayewapeleka matajiri wa mjini kuvua samaki kwa mashua yake, na Gazeti, mwalimu mstaafu anayesoma gazeti moja wiki nzima. Jumanne hiyo walikuwa wanamchambua Mzee Mnyororo, yaani yule mpima ardhi, Thaddeus Colgrove. Miaka nenda rudi huyo mzee anawafuata wabunge na ramani zake, anataka sheria kwamba msitu wetu usiguswe milele. Alhamisi angekuja na hakimu. Kampuni ya mbao inadai Mlima Dubu wote ni wake, Mzee anasema ni wa umma, na shahidi wake ni mti mmoja wa mpaka. Ukipotea huo mti, mlima umekwenda.

Shoka: Ati milele. Yule ana wazimu. Mti haufi? Unaoza tu pale. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kasia: Mwana wa nani tena, shemeji? Tunaongelea miti.

Shoka: Si ndiyo hiyo hiyo? Ukichelewa kuukata, unaukuta umeoza.

Kasia: Kule Mlima Paka hukuchelewa. Ulikata wote. Kijito cha chini yake kiko wapi leo?

Shoka: Nilikuwa nalisha watoto.

Kasia: Sijakataa. Naulizia kijito.

Gazeti: Tatizo lenu hamsomi. Colgrove hana haja na miti, anataka hewa. Wagonjwa wa kifua si wanatoka mjini wanakuja kulala vibarazani kwetu wavute hewa ya misonobari? Sasa fikirieni hewa hiyo ikitiwa kwenye chupa.

Kasia: Chupa.

Gazeti: Chupa na kizibo chake. Atauza mpaka London.

Nilimwambia kama hewa ni mali, basi yeye ametupotezea utajiri wa kijiji kizima kwa kuongea.

Gazeti: Cheka, Birika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Shoka: Na wewe una upara.

Gazeti: Haya, niambieni, kwa nini analala msituni peke yake na baridi yote hii? Hana mke. Ameoa mlima, yule. Nimemwona kwa macho yangu akiuaga. Anavua kofia.

Kasia: Hata mimi navua.

Shoka: Basi mmeoa mke mmoja. Mtajuana wenyewe.

Walicheka, ila Kasia hakucheka sana. Aliweka kikombe chini.

Kasia: Semeni mnavyotaka. Mimi nilimbebea Colgrove mnyororo wake wa kupimia, miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini, theluji imetufika kiunoni. Tulipofika kwenye kona ya mpaka, mzee aliuchanja mti chale tatu. Leo gome limezifunika, ukipita huoni kitu. Lakini Alhamisi hakimu akipasua pale na kuhesabu pete za mti juu ya zile chale, pete moja kwa mwaka, zitatoka ishirini na mbili. Hapo kampuni itasema nini?

Shoka: Kama Alhamisi mti utakuwepo.

Kasia: Una maana gani?

Shoka: Nasema tu.

Sikupenda alivyosema. Mwanawe Amos anashusha magogo mtoni kwa kampuni hiyo hiyo, na mke wa Amos ana mimba ya pili. Shoka mwenyewe aliongoza kambi ya wakataji chini ya Mlima Dubu miaka minane, akiupita mti ule kila asubuhi. Niliingia ndani kuchukua birika nikiwa nimekasirika, maana nilimwona ameshanunuliwa na kampuni.

Niliporudi, gari la farasi lilikuwa limesimama mlangoni. Nyuma walikaa wanaume wawili na msumeno mrefu magotini. Aliyeshuka mbele alikuwa na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Fenwick, karani wa kampuni.

Fenwick: Hamjambo, wazee. Nina swali dogo tu. Mti wa mpaka wa Colgrove uko wapi?

Gazeti alikunja gazeti lake.

Gazeti: Mti upi, bwana? Hapa pana miti.

Kasia: Mimi mtu wa mashua. Mambo ya nchi kavu siyawezi.

Fenwick akamgeukia Shoka.

Fenwick: Wewe ndiye Ephraim Doty. Nimeambiwa hakuna anayeujua Mlima Dubu kukushinda.

Shoka: Umeambiwa kweli.

Fenwick: Basi uko wapi?

Shoka: Sijui.

Fenwick: Mzee, una mtoto kwetu. Anaitwa Amos, sivyo?

Shoka: Amos. Kijana mchapakazi. Naye hajui.

Fenwick: Fikiri vizuri.

Shoka: Mwanangu, nimekata miti mpaka nikajikata mwenyewe. Mti nikiujua naujua. Huo wako siujui leo, na kesho sitaujua. Njoo uniulize Alhamisi, hakimu akiwepo.

Fenwick akaniomba kahawa. Birika lilikuwa limejaa, linaniunguza mkono.

Mimi: Kahawa imekwisha.

Wakaondoka. Walishika njia ya Mlima Paka, ambako hakuna mti wa kukata. Hatukuwaita kuwaambia wamepotea.

Kasia: Shemeji, yule atamfukuza Amos kabla jua halijazama.

Shoka: Najua.

Gazeti: Yote hayo kwa mtu unayesema ana wazimu?

Shoka: Wazimu anao. Lakini yeye aliuchanja mti akauacha umesimama. Mimi kila nilichogusa kule kilianguka.

Nilikuwa nimemdhania vibaya, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Nikammiminia kikombe, hakukigusa. Alivaa kofia akashika njia ya mtoni, yeye mwenyewe amwambie Amos kwamba kazi imekwisha, kabla kampuni haijamwambia.