Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Mlingoti Uliosogezwa

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifungua mimba kaa hapo miguuni ninapokuona, na wewe binti yangu acha kunipangia mito, imetosha. Najua unaipanga ili usinitazame usoni. Nyumba tulishaizungumza na hakuna aliyenuna. Wamebaki hawa wawili walioegemezwa kwenye magogo huko uani, chini ya dirisha langu, mashua zangu mbili za matanga, ambao kwa ajili yao nyinyi ndugu wa tumbo moja mnapishana kwenye ngazi kama wapangaji.

Wote wawili walishaolewa kwingine kabla ya kuja kwangu. Bi Mkubwa alikuwa wa daktari mmoja ambaye mgongo ulimgomea, na Bi Mdogo alikuwa wa mwalimu aliyehamishwa mbali na maji. Majina hayo mliwapa nyinyi mkiwa watoto, na marehemu mama yenu alipoyasikia alisema, "Haya, kumbe nina wake wenza wawili, na wote wananishinda kwa kupakwa rangi!"

Bi Mkubwa nimemsifu maisha yangu yote na leo sirudi nyuma. Mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chini, umeanza karibu na omo kule mbele ukaenda mpaka tezi kule nyuma, kwa hiyo akishaelekezwa njia haipotezi. Unaweza kufunga usukani kwa kamba, ukashuka jikoni ukasonga ugali wako, na sufuria isiteleze. Wimbi linalowatapisha wengine yeye hulipasua kama mwenye nyumba anayefungua mlango wake. Ndani mtu mzima husimama wima, meza ni ya msaji, vitanda ni vya kulala watu, si vya kuadhibu watu. Ila nanga yake ni ya watu wawili, na tanga lake kubwa ni la watu wawili, na kosa lake hulipwa na watu wawili.

Bi Mdogo ni kitu kingine. Mle ndani magoti yanasalimiana, na ukitaka kuvaa suruali lazima mwenzako atoke nje. Lakini huingia kwenye vijito ambavyo mkubwa wake huvitazama kwa mbali, na mtu mmoja humpandisha matanga yote bila kumwita jirani. Anayo tabia moja iliyowaudhi mafundi wote: usukani wake huvuta mkono. Ukiuachia tu, hageuki ovyo. Huugeuzia uso wake upepo, matanga yakapiga makofi, akasimama.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mama yenu alinikataza kuwaambia, msije mkaogopa maji. Mlikuwa kwa shangazi yenu siku hiyo, na sisi wawili tulikuwa na Bi Mdogo nje kabisa, nchi imekuwa mstari. Mama yenu amelala mle ndani, mchana, na mimi nikainama kuifungua kamba iliyojisokota, mkono ukakosa pa kushika. Nilipoibuka niliiona tezi inaniacha. Niliita, upepo ukala sauti. Na hapo, wanangu, Bi Mdogo alipohisi hakuna mkono, akageuka, akasimama, akaanza kupiga kelele na matanga yake kama mwanamke aliyepotelewa na mtoto sokoni. Kelele hizo ndizo zilizomwamsha mama yenu. Akachungulia, akaniona naogelea, akasema, "Mzee, kuoga gani huko, na viatu?" Kisha akashusha ngazi, na baada ya hapo akalia mpaka tukafika gatini.

Ningeanguka kutoka kwa Bi Mkubwa, angeshika njia yake kwa uaminifu uleule ninaomsifia, akafika alikotumwa bila mimi.

Kwa hiyo mwanangu, kifungua mimba wangu, wewe ni baharia kuliko nilivyokuwa mimi, hilo nimelisema hata usipokuwepo. Lakini unasafiri peke yako, na umewaambia watu gatini kwamba mkinizika tu, utamshusha Bi Mkubwa uvuke naye bahari kuu wewe na kivuli chako. Wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema nahodha mmoja, asiye na wa kumwambia tazama nyuma, huenda wapi. Bi Mdogo ni wako. Bi Mkubwa ni wa dada yako, mwenye mume asiyejua kufunga fundo, na watoto watatu wasiojua kunyamaza. Akianguka mmoja wao, mji mzima utapata habari.

Usigune. Eti, "Baba, mimi ndiye mkubwa." Ndiyo, na ukubwa ni jalala. Na wewe usicheke, binti yangu, nanga ile itakuumiza kiuno.

Nimeona pia, mwanangu, kupitia dirisha hili, kwamba wewe na fundi wa milingoti mmesogeza mguu wa mlingoti wa Bi Mdogo kwenda mbele, ili usukani uwe mwepesi. Mliona kasoro mkaiponya. Ulifikiria mkono wangu mnyonge, na nimekushukuru kimoyomoyo. Lakini sasa, akiachiwa, atakwenda tu. Mmemfundisha kusahau. Rudisheni mlingoti ulipokuwa, leo, fundi bado yupo, nasikia nyundo yake.

Nijibu. Kwa maneno, si kwa kichwa, macho yangu yana ukungu... Umesema utamchukua? Rudia, na dada yako asikie... Ahsante, baba. Ahsante.

Maji, kidogo... basi.

Mungu awape upepo unaowatosha. Awape mkono wa mwenzenu karibu, na pasipo mkono, awape chombo chenye huruma. Msipigane gatini. Mkipishana majini, mmoja aanze kupunga mkono... yeyote, msihesabu nani alianza.

Nifunikeni miguu. Maji yanajaa jioni hii, nayasikia chini ya ukuta. Mlingoti ukisharudi mahali pake, mshusheni Bi Mdogo, nendeni wote wawili... binti yangu, kaka yako ashike usukani, kisha auachie, mwone anavyosimama.

Nendeni, wanangu. Msinisubiri.