Gauni la Saizi Nne

Ndani ya basi la kwenda katikati ya Winnipeg, Wendell alijifanya anasoma gazeti huku masikio yake yakiwa kiti cha mbele. Hapo mama mmoja, Halyna, alikuwa akimsimulia jirani asiyemjua jinsi alivyouza gauni la harusi la bintiye mtandaoni.

“Niliandika saizi kumi na nne, dada, kumbe ni nne. Bibi harusi aliyelinunua akalalamika kwamba halipiti hata mapajani.”

“Si umrudishie pesa yake?”

“Nimerudisha. Lakini kwanza nilimjibu kwamba gauni halina kosa, apunguze kula.”

“Mama wewe! Bibi harusi?”

Wendell akafungua ukurasa mwingine, ingawa ule wa kwanza hakuusoma.

“Nilidhani ni tapeli. Baadaye ndipo nikalisoma tangazo langu mwenyewe. Nimemwomba radhi mara tatu, anasoma, hajibu. Na harusi ni leo.”

“Basi mwache leo, usimharibie siku.”

“Nikinyamaza, ataolewa na yale maneno yangu kichwani.”

“Na ukiandika, utamkumbusha.”

Basi liliposimama kituo cha Halyna, yeye alikuwa bado anaandika na kufuta kwenye simu. Dereva, ambaye kwa kawaida hamsubiri mtu, aliuacha mlango wazi.