Miaka Ishirini na Sita Mbele ya Msumeno Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Taguta Nyamukapa, mpasua mbao wa kiwanda kimoja huko Chimanimani, Zimbabwe. Alisimama mbele ya msumeno mmoja miaka ishirini na sita. Narudia: msumeno mmoja, miaka ishirini na sita.

Kikohozi kilimwanza mwaka wa kumi na tisa wa kazi hiyo. Vumbi la mbao lilishamjaa kifuani. Wenzake walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, huyu kavuka kwenda Msumbiji, yule karudi kulima. Taguta alibaki. Kila aliyeondoka, kazi yake alibebeshwa Taguta. Yeye akaona ndiyo heshima.

Mjane wake, Mai Tsitsi, anasema: "Kaka yangu alimpatia kazi ya kulinda shamba la ndizi huko Rusitu. Hewa safi, kivuli tele. Nikamwambia, Baba Tsitsi, twende. Akasema, 'Nikiondoka, nani atajua msumeno unaumwa?' Nikamuuliza, na wewe ukiumwa, anajua nani? Akacheka mpaka akakohoa, akaenda zake."

Zahanati ilimwandikia mapumziko ya wiki mbili. Siku ya tatu alikuwa kazini. Meneja akamsimamisha mbele ya wote.

"Mnamwona huyu? Huyu ana raha na kazi yake. Ndiyo maana haondoki!"

Wakapiga makofi. Taguta alitaka kushukuru, kikohozi kikamkata kauli.

Alianguka Jumanne, kabla ya chai ya asubuhi. Wakamtoa, amekwisha kufa. Msumeno ulizimwa dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, wasikilizaji, kisha ukawashwa.

Msibani meneja alikuja na hotuba mfukoni. Kabla hajaitoa, akainuka Chirasha, sahwira wa ukoo, yaani mtani wao, mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu. Alikuwa amevaa ovaroli ya Taguta. Akasukuma gogo lisilokuwepo, akakohoa, akatema mate, akasukuma tena. Watu wakacheka huku wanalia. Kisha akamwendea meneja, akapiga magoti.

"Baba, nimefika kazini! Nisamehe kuchelewa, nilikuwa nakufa kidogo. Utanikata siku?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtani hajibiwi kwa hasira, hiyo ni mila. Meneja naye akacheka. Mai Tsitsi hakucheka.

Kicheko kilipotulia, meneja akamwinamia Chirasha, akamwambia kwa upole: "Sahwira, hiyo ovaroli ni ya kiwanda. Kuna mtu anaanza kesho."

Chirasha akaivua palepale, akabaki na kaptura. Meneja akaikunja, akaitia kwapani. Hotuba akaisahau.

Pole sana, Mai Tsitsi. Poleni, ukoo wa Nyamukapa. Nawe unayetusikiliza, uliyesifiwa kazini kwa kuwa huondoki: leo rudi nyumbani mapema, uwaulize wa kwako wanakuonaje. Waulize ukiwa bado na pumzi ya kubishana nao.