Bi Mwanamize na Uwanja wa Kuku

Baraza ya Ridha iko Kiuyu, ubavuni mwa duka lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia Unguja, na inatazamana na uwanja ambao kila mtu anauita Kwa Bi Mwanamize. Marehemu Bi Mwanamize, Mungu amrehemu, aliurithi uwanja ule kwa babake akawaachia watu: msimu wa karafuu waanike, msimu ukipita watoto wapige mpira. Wanaokaa barazani ni walewale. Yupo Ridha mwenyewe na dele lake la kahawa. Yupo Hafidh, aitwaye Redio, kwa kuwa habari ikikosekana yeye huitengeneza. Yupo na Nyange, aitwaye Wakili, ambaye alifika mahakamani mara moja tu maishani, kama shahidi, akatolewa nje kwa kusema sana. Wa nne ni Khatib fundi cherehani, mtoto wa Bi Mwanamize, mtu wa kunywa kahawa yake kimya na kwenda zake. Alasiri ile Khatib alikuja amekunja uso, simu mkononi, na kahawa hakuitaka.

— Redio, weye wayajua mambo ya simu. Hebu nitazamie kwenye ramani hapa. Uwanja wa mama waitwaje?

Hafidh akavaa miwani, akasoma, akaanza kucheka. Alipouona uso wa Khatib, kicheko akakigeuza kikohozi.

— Uwanja wa Kuku.

— Wa nani? akauliza Ridha.

— Wa kuku, yakhe. Kuku huyuhuyu wa kutaga.

Khatib akawaeleza. Dada yake Zulekha yuko Maskati, na maziko ya mama hakuyawahi. Usiku watoto wake wakishakula, huwafungulia ramani, akawavutia Pemba, akawavutia Kiuyu, mpaka wakalifikia jina la bibi yao. Jana kafungua, kakuta kuku.

— Kanipigia akilia, alisema Khatib. Kasema, kaka, mama kanifia mara ya pili.

Ridha akamtilia kahawa bila kuombwa. Nyange akamsogezea nafasi akae, kama mtu mwenye akili zake. Halafu Hafidh akaharibu.

— Hii kazi ya sateliti. Yapita huko juu ikipiga picha. Sasa siku ilipopita, watu walikuwa wameanika karafuu, na kuku wa Nyange walikuwa juu ya majamvi wakiparura. Sateliti ikatazama: karafuu haizijui, kuku yawajua. Ikaandika.

— Kuku wangu usiwatie kwenye kesi, Nyange akang'aka. Na wahenga walishasema, usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota ndiyo hiyo sateliti. Walituonya, tusisikie!

— Methali hiyo haina maana hiyo, Wakili, akasema Hafidh.

— Ina maana yoyote nitakayoithibitisha. Miye nasema hawa ni watu wa Msuka. Tuliwafunga mpira hapohapo uwanjani, wakaondoka wakitusonya. Mtu kafungwa bao, hawezi kulirudisha kwa mguu, si atalirudisha kwa simu?

— Watu wa Msuka wana kazi zao, akasema Ridha. Nyange, ile simu yako ya zamani iliyopotea uliikuta wapi?

— Bandani kwa kuku.

— Ilikuwa imewaka?

— Ilikuwa imewaka.

Ridha akaweka dele chini taratibu, kama kadhi anayetaka kusoma hukumu.

— Basi kwisha. Kuku kadonoa. Kadonoa huku, kadonoa kule, kaandika jina lake.

— Lahaula! Kuku hajui kusoma, Ridha.

— Na hiyo ramani nayo yajua? Ingejua ingekubali?

Hafidh akasema yawezekana kuku yule hakuwa peke yake. Yawezekana wako wengi, kila kijiji na wa kwake, na kidogo kidogo Pemba nzima itaandikwa kuku, mpaka kisiwani Fundo. Nyange akaongeza kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo ushahidi ni kamba, na kamba itafutwe. Khatib akaweka kikombe chini. Dada yake yuko ng'ambo analia, na hapa watu wazima wanawapeleleza kuku.

— Jamani, akasema, na alikuwa hajawahi kuwapazia sauti. Mie sitaki kujua nani kaandika. Nataka jina la mama lirudi. Mwaweza, hamwezi?

Hafidh akaona haya. Akaibonyeza ramani huku na huku mpaka pakafunguka mahali palipoandikwa "Pendekeza marekebisho", na chini yake kisanduku kitupu kilichosema "Jina".

— Haya, naandika: Kwa Bi Mwanamize.

— Ngoja! Nyange akaudaka mkono wake. Hivyo hivyo? Bila hodi? Watu huwajui, hawakujui, wako nchi za mbali, nawe wawavamia na "Kwa Bi Mwanamize"? Watakuona huna adabu, na mtu asiye na adabu hapewi kitu.

— Pameandikwa "Jina" tu, Wakili.

— Hata mlangoni kwa mtu pameandikwa jina tu. Kwani wewe huingia bila kusalimu?

Hafidh akamtazama Khatib, mwenye mama. Khatib angeweza kusema andika jina tumalize. Lakini alimkumbuka Bi Mwanamize: ukiingia kwake na ombi kabla ya salamu, alikurudisha nje uanze upya, hata uwe umeumwa na nge.

— Nyange asema kweli, akajibu. Tangulizeni salamu.

Basi ikaandikwa barua. Nyange akisema, Hafidh akibonyeza kwa kidole kimoja, Ridha akisahihisha. "Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, siye huku hatujambo, khofu ni kwenu mlio mbali." Hapo kisanduku kikagoma kupokea herufi nyingine.

— Imeshiba, akasema Hafidh.

— Itakuwa imeelewa, akasema Nyange. Mtu mzima haambiwi yote. Tuma.

Ikatumwa.

— Na jina la mama mmelifikia? akauliza Khatib.

Ridha akagundua ghafla kwamba vikombe vilikuwa vichafu.

Khatib akaondoka bila kuaga. Siku zilizofuata alishona nguo za watu huku moyo unamuuma, simu ya Zulekha ikiita haipokei, maana angemwambia nini? Kwamba mama kakosa jina kwa sababu ya adabu? Ijumaa baada ya sala, Hafidh akamfuata mpaka dukani kwake, akamshika mkono, akamrudisha barazani. Ramani imejibu. Imeshukuru. Marekebisho yamekubaliwa.

— Imekubali nini? akauliza Khatib.

Hafidh akamwonesha. Kuku hakuwepo tena. Pale palipokuwa pa mama, katikati ya Kiuyu, mbele ya dunia nzima, pameandikwa: "Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, siye huku hatujambo, khofu ni kwenu mlio mbali."

— Walau imeshinda kuku, akasema Nyange, kwa sauti ndogo isiyo yake.

Simu ya Khatib ikaita. Zulekha. Safari hii akapokea, na kwa haraka akagusa pa spika, sauti ya dada yake ikatoka kubwa, baraza nzima ikasikia.

— Kaka, mmefanya nini?

— Nisamehe, dada. Tulitaka kuandika jina. Tutaandika tena, leo hii, wallahi.

— Msiguse! Usiku nimewafungulia watoto, nimewasomea. Kaka, miaka yote niliyokaa huku hakuna mahali paliponiuliza hali.

Alikuwa akilia tena, lakini kilio kingine. Kisha simu ikashikwa na mtu mwingine, pumzi ndogo ikasikika, na sauti ya binti mdogo ikauliza kwa Kiswahili cha kujifunzia jikoni:

— Mjomba, nani huyo anatusalimia?

Hafidh akavua miwani. Nyange akajisogeza karibu na simu. Ridha alikuwa ameshika dele hewani, kahawa inamwagika nje ya kikombe.

Khatib akautazama uwanja. Watoto walikuwa wanapiga mpira, na kuku wa Nyange walikuwa wanawakimbia.

— Bibi yako, mwanangu, akasema. Mwitikie.

— Waaleikum salaam, bibi.