Madirisha Yafungwe, Watu Waive: Risala ya Madereva wa Teksi za Umeme

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Bwana Msimamizi wa kituo. Na ninyi wenzetu madereva, mafundi na waosha magari:

KARIBU

Karibu sana kituoni kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi kupona tunakutaka kweli. Tuwie radhi kwa kiti chako. Hapo ulipokaa ndipo penye kivuli pekee tulicho nacho, na kabla risala haijaisha huenda tukakuomba usogee, kwa sababu kivuli chenyewe kinasogea. Ndivyo tunavyofanya na magari. Tunayasogeza kufuata kivuli cha ukuta mchana kutwa, na anayechelewa gari lake linabaki juani.

TULIKOTOKA

Tulianza na magari ya mafuta, yale ya kukohoa kabla ya kuwaka. Ulipotuletea ya umeme tulipiga vigelegele. Hata nyumbani waliacha kutuambia tuvue nguo nje kwa harufu ya petroli. Hatuombi kurudi tulikotoka. Tunalisema hili mapema, maana kuna watu wakisikia mtu analalamika hujibu, "Hawa hawajazoea maendeleo."

MAFANIKIO

Bwana Msimamizi alitushauri sehemu hii iwe ndefu kuliko zote. Tumejitahidi. Magari ni masafi, abiria wameongezeka, ajali hatuna. Asubuhi kiyoyozi kinapuliza mpaka abiria anaomba kipunguzwe.

Asubuhi.

YANAYOTUSIBU

Jua likishasimama utosini, mambo yanageuka. Tunachajia uwanjani pasipo na paa, na gari likitoka hapo betri yake ni ya moto. Fundi alitueleza kwamba kiyoyozi ni kimoja lakini kina kazi mbili, kupoza betri na kupoza watu. Betri ikizidiwa, inahudumiwa kwanza. Sisi na abiria tunapanga foleni ndani ya gari letu wenyewe. Na ile rangi nyeusi uliyotuchagulia, mgeni rasmi, inapendeza sana kwenye picha.

Abiria hawamuulizi fundi, wanatuuliza sisi. "Dereva, hiki ni kiyoyozi au kuna mtu anahema humo?" Mwingine: "Kaka, nishushe hapa hapa, nitembee nipate ubaridi." Tulipopeleka kilio ofisini, tuliletewa stika za kubandika milangoni: FURAHIA UBARIDI. Abiria anaisoma akipanda, anatusomea sisi akishuka. Mkaguzi naye huja kupima alfajiri, na alfajiri hakuna gari lenye homa. Anapima, anatikisa kichwa kukubali, anasema ni zima, anaondoka kabla jua halijamkuta.

Nasi hatukukaa tukikunja mikono. Tulilowesha magunia, tukayafunika magari kwa mbele yakiwa yanachaji, tukidhani tunayapoza. Fundi alipofika alishika kiuno. "Jamani, gari linavutia hewa hapo! Mgonjwa wa pumu mnamziba pua?" Tulicheka, tukayatoa. Lakini mgonjwa bado ni mgonjwa.

Sasa tufike kwenye lililo moyoni. Kampuni ina sheria kwamba madirisha yafungwe muda wote abiria akiwemo, ili gari lionekane la kisasa. Dirisha likishuka, gari lenyewe linapeleka habari ofisini, kama wifi mchongezi.

Tunaye dereva mwenzetu tunayemwita Mama Taratibu, kwa kuwa hajawahi kugonga hata kuku. Wengi wetu ndiye aliyetufundisha kazi. Siku moja ya joto kali alimchukua babu mmoja na mkewe wakitoka kliniki. Wakakwama kwenye msongamano, gari likiwa ndiyo kwanza limetoka kuchajiwa. Kiyoyozi kikawa kinapuliza hewa ya jikoni. Babu akasema kwa upole, "Mwanangu, huku nyuma naiva." Mkewe alikuwa akimpepea kwa kadi ya kliniki. Kisha babu akalegea. Mama Taratibu alipomwona kwenye kioo kichwa kimemlalia begani bibi, aliteremsha madirisha yote manne.

Babu alifika kwake salama. Mama Taratibu alifika hapa akanyang'anywa ufunguo.

"Sheria ni sheria," aliambiwa.

"Na mtu ni mtu," akajibu, akaenda kukaa pale kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo anaosha mazulia ya magari tunayoyaendesha sisi aliotufundisha. Kesho kikao kinakaa kuamua kama afukuzwe. Bwana Msimamizi, hatukusemi vibaya. Wewe umepewa sheria, hukuitunga. Lakini ofisi yako ina dirisha, nalo huwa wazi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi: paa mahali pa kuchajia, mkaguzi aje mchana, stika zibanduliwe. Hayo yanaweza kungoja. Leo tunaomba jambo moja.

Ratiba inasema ukitoka hapa utapanda gari letu hadi kituo cha pili, ukapigwe picha. Gari liko tayari. Tumelichajia uwanjani na halijafuatishwa kivuli, limekaa kama mengine yanavyokaa. Tunakuomba ukae nyuma, alipokaa babu, na usukani umpe Mama Taratibu. Ameshanawa mikono. Ataendesha kwa sheria: madirisha juu, kiyoyozi mpaka mwisho. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi hatutaki kukusimulia zaidi ya hapa.

Njiani hatakuomba chochote, hana tabia hiyo. Ila ukimwambia ateremshe dirisha, atateremsha, na habari itafika ofisini papo hapo kama ilivyofika ile ya kwanza. Sisi tutakuwa tumeketi hapa tunasubiri. Hatutahitaji jibu lingine.

Mungu akufikishe salama, akupe afya, na akupe upepo.

Ni sisi,
Madereva na waosha magari wa kituo, upande wa juani.