Historia ya Baba Pacha, Aliyezima Simu Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, maneno haya, kwa niaba ya familia, yanasomwa na shemeji yake, mtu aliyezunguka nchi nyingi na kurudi na mabegi matupu, ambaye wakwe zake walimchagua kwa maelezo kwamba angalau ana sauti.

Baba Pacha alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa baba fundi viatu na mama muuza vitambaa, na dada yake mkubwa anasema hakulia mara moja, bali alimwangalia kwanza kila mtu chumbani kama anayetafuta hitilafu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari ya kutwa, kisha mwaka 1992 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, na huko akakutana na kompyuta moja iliyogombewa na darasa zima, akaizoea kwa kuwa wenzake walikwenda kula na yeye hakwenda, jambo lililompa kazi ya maisha na vidonda vya tumbo kwa mpigo.

Tarehe 3 Julai 1997 aliajiriwa na bohari inayopeleka dawa kwenye zahanati, na kwa miaka mingi aliitunza programu kubwa aliyoiandika mwenyewe, iliyopokea maombi ya zahanati, ikaangalia stoo, ikaomba idhini ya mfamasia na kupanga magari, yote yakiwa yameshikana kama nyuzi za sweta, hata printa ikikwama, magari nayo yanasimama, na yakisimama, anapigiwa yeye.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na mshonaji, Mama Pacha tunayelia naye leo, na picha ya harusi ipo ukutani, bwana harusi keki mkono mmoja, simu sikioni, akimwelekeza mtu awashe upya. Walijaliwa mapacha wa kike tarehe 22 Mei 2003, ambapo wa kwanza alizaliwa baba akiwa bado chini ya meza ya bohari anachomeka waya, na wa pili ndiye aliyempokea mlangoni kwa kilio cha kwanza, kisha mwaka 2008 akafuata kitinda mimba wa kiume, aliyesubiriwa simu ikiwa imefichwa kwenye cherehani ya mama.

Mwezi Februari 2019 figo zilianza kumsumbua, akawa anakwenda kusafishwa damu, na siku ya kwanza kabisa, akiwa amefungwa mirija, simu ililia, muuguzi akaipokea akidhani ni ndugu, kumbe ni msimamizi wa stoo, akisema dawa za zahanati nne zimekwama, mwambie Baba Pacha ainuke kidogo tu, naye muuguzi akamjibu kwamba akiinuka kidogo tu, damu itamwagika nyingi tu. Marehemu alimwambia mkewe jioni ile kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa na bohari nzima ikiwa kichwani mwake, halafu mgonjwa fulani akose dawa kwa sababu yeye hapokei simu.

Ndipo alipoanza kujenga upya, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, pamoja na vijana watatu wa ofisini, akiivunja ile programu kubwa kuwa ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, na katikati yao akaweka foleni za ujumbe, ili ombi likitoka hatua moja lisubiri mlangoni pa hatua inayofuata, hatua iliyolala ikiamka ilikute hapo, na mfumo ukumbuke kila ombi limefika wapi. Shemeji yake huyu anayesoma alielezwa hayo mara tatu, akaitikia mara tatu, akaelewa mwaka uliofuata.

Katika foleni kama hizo, anayepokea ujumbe lazima aseme amepokea, asiposema, foleni hudhani umepotea na kuutuma tena, na mstari mmoja wa programu wa kusema hivyo marehemu aliusahau. Basi ombi la bandeji la zahanati moja ya vyumba viwili likarudiwa na kurudiwa, magari yakapanga mstari, mpaka muuguzi mkuu, ambaye yupo hapa safu ya tatu na naona anacheka chini chini, akapiga simu kusema, Baba Pacha, bandeji hizi zinatosha kufunga jengo, au unataka tuanze kuvunja watu miguu? Marehemu aliomba radhi, akauandika ule mstari, akalipatia kila ombi namba yake ili likija mara ya pili litambuliwe na kuwekwa kando, na tangu hapo akawa hawezi kuambiwa jambo bila kujibu, nimepokea, hata nyumbani, ambapo Mama Pacha, akimwambia gesi imeisha, alilazimika kuongeza, kupokea hakupiki, inuka.

Mfumo ulikamilika tarehe 30 Agosti 2022, lakini simu aliendelea kuilalia chini ya mto, kwa kuwa hakuwa na uhakika.

Tarehe 11 Oktoba 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho, na tarehe 17, saa kumi alasiri, mmoja wa wale vijana aliingia wodini, marehemu alipomwona akajaribu kuinuka, akauliza kimeharibika nini. Kijana akamwambia, hakuna, mzee, umeme wa stoo ulikatika tangu asubuhi, maombi yakasubiri kwenye foleni, uliporudi yakaendelea pale pale yalipoishia, hakuna lililopotea, hakuna lililokwenda mara mbili, hatukupiga simu kwa sababu hatukuwa na la kuuliza, nimekuja kukuona tu. Marehemu akasema, nimepokea, akaitoa simu chini ya mto, akampa mkewe, akamwambia aizime. Mama Pacha anasema hakuwahi kumwona akilala usingizi mzito namna ile katika ndoa yao yote, hadi akamwinamia kusikiliza kama anapumua, akakuta anakoroma.

Aliaga dunia kesho yake asubuhi, tarehe 18 Oktoba 2023, na siku hiyo magari ya dawa yaliondoka kwa wakati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyejua kujibu simu, majirani waliotubebea viti bila kuulizwa, na wenzake wa bohari, waliokaa mwaka mzima bila kumpigia simu, zawadi tuliyochelewa kuielewa.

Baba Pacha, yote uliyotuachia yamefika, tumepokea. Pumzika kwa amani, hakuna atakayekupigia.